Vitundu Nisivyoviona

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji na wajukuu. Natumaini goti lako limepoa na kwamba shemeji ameacha kubishana na redio. Mimi nakula na kulala vizuri. La zaidi utalisoma hapo chini.

Hapa dukani kazi ni ile ile ya mabizimu, vile vyuma vya kufungia mikanda ya askari wa zamani. Watu huniletea, nami nawaambia lipi ni la asili na lipi la kuiga, lipi limetunzwa na lipi limeharibiwa kwa kusuguliwa hadi likang'aa kama sufuria ya bi harusi. Kwa miaka ishirini na sita neno langu halikupingwa, na unajua jinsi mdogo wako alivyovimba kichwa.

Mwezi juzi alikuja mama mmoja, mwalimu mstaafu. Marehemu mumewe aliacha mabizimu kumi na mawili, na watu wa makumbusho walikuwa tayari kuyaweka kwenye chumba chenye jina la marehemu, mradi mimi nithibitishe kwamba yote ni ya asili. Niliyapima uzito, nikayapapasa mgongoni pale ndoano inapolehemiwa, nikatazama kutu ya kijani iliyojificha kwenye pembe. Nikaandika cheti: yote ni ya asili. Mama yule alinishukuru mpaka nikaona haya.

Baada ya wiki tatu makumbusho wakarudisha moja. Walisema ni la shaba iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu juzi juzi tu, halikupigwa muhuri wa chuma kama ya zamani. Mwenye duka alikasirika kwa niaba yangu, akasema watoto wale wamesoma vitabuni, wamwachie fundi kazi yake. Mimi nilichukua lenzi, nikalitazama bizimu dirishani kwa muda mrefu. Niliona uso laini. Nikamwita karani wetu, binti tunayemwita Sindano kwa wembamba wake, nikamwomba aniambie anaona nini. Akasema bila kusita kwamba limejaa vitundu vidogo, kama ganda la limau. Kisha akanigeukia.

"Mzee, kwani wewe huvioni?"

Vitundu ni alama ya kalibu, dada. Hata mwanagenzi wa wiki moja anavijua.

Kesho yake nilikwenda kwa daktari wa macho. Akasema ni presha ya macho: jicho la kulia limebakiwa na ukungu, la kushoto linaona katikati tu. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone.

Nilimfuata yule mama nyumbani kwake nikamweleza. Hakupiga kelele. Aliuliza kama yale kumi na moja nayo yapimwe upya. Nikasema ndiyo, tena na mtu mwingine. Akauliza ni tangu lini sioni vizuri, na hapo nikatamka nililomficha hata daktari: miaka miwili. Nilijua, dada. Nilikuwa nikifuta lenzi na kulaumu taa. Nilikisia kwa vidole, na kwa kuwa nilipatia mara nyingi, nikanyamaza. Alikikunja cheti changu mara nne, akanirudishia, akafungua mlango.

Yamepimwa. Mawili zaidi yamekutwa na ndoano mpya. Chumba cha marehemu kitakuwepo, na mabizimu tisa. Mimi nimeacha kupima.

Lakini sikuandika ili unihurumie. Daktari aliniuliza kama kuna wa ukoo wetu aliyewahi kupofuka, maana ugonjwa huu hutembea katika damu. Nikasema hakuna. Nilipofika nje nikamkumbuka baba, alivyokuwa akigonga bega kwenye mwimo wa mlango, nasi tukisema uzee umemfanya mkaidi. Na barua yako ya mwisho, ile uliyonichekeshea kwamba siku hizi chai unaimimina pembeni ya kikombe, nimeisoma tena mara tatu. Sikucheka.

Nenda kapime macho wiki hii hii. Usingoje maumivu, hayaji. Shemeji akusindikize, na wanao wote nao wapimwe.

Wasalimie nyumbani, mkubwa kwa mdogo. Mistari ikipinda nisamehe.

Ni mimi,
kitindamimba wenu.