Mawe ya Kulainisha Springi

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, mvua hakuna. Mabega yamechoka, akili imetulia.

Leo nimemrudisha mama nyumbani Didia. Alikuwa kwa dada yangu Bugarama tangu alipopasuliwa nyonga. Daktari alimruhusu kusafiri kwa sharti moja: asirushwerushwe. Chuma alichowekewa kikisogea, itabidi apasuliwe upya, na mama alishatuambia kwamba chumba cha upasuaji haingii tena, hata tumbebe.

Gari lililopo ni pikapu yangu ya milango minne. Mwezi uliopita nilimpelekea fundi Luhende, Kahama, ainyanyue. Nimezunguka machimbo ya Geita na Msalala miaka mingi nikitafuta habari, na nimechoka kukwama kwenye udongo mweusi kila masika. Akafunga shokapu ndefu, matairi ya meno makubwa, ngao ya mbele na keria ya juu. Alipofika kwenye springi za nyuma, zile za vyuma vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, akaniuliza, "Mzee, hii inabeba nini?"

Nikajibu, "Mizigo."

Ukweli ni kwamba inabeba begi, kamera na maji ya kunywa. Lakini karakana ilijaa pikapu za watu wanaopeleka magogo na mapipa ya dizeli mashimoni, na wenyewe walikuwa wamekaa pale wanasikiliza. Sikutaka kusema kamera. Luhende akaongeza vyuma mpaka nyuma ikawa juu kuliko mbele. Nikalipa, nikaipiga picha, nikaondoka nimeridhika.

Springi ya namna hiyo inalainika ikibebeshwa. Ikiwa tupu, kila shimo inakurudishia mara mbili. Nimeendesha hivyo mwezi mzima na sikumwambia mtu.

Kwa hiyo asubuhi hii shemeji Sospeter, mume wa dada, alikuja na dawa wanayoijua wote kule: tia uzito. Yeye ni mchimbaji mdogo, viroba hakosi. Akavijaza mawe ya pembeni mwa kiwanja, tukavipanga nyuma. Nikazungusha gari kijiji kizima nikiwa peke yangu, likatulia. Ndipo tukampakia mama kiti cha mbele, mto chini, mto ubavuni.

Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Mimi ambaye nimeandika habari za watu waliokamatwa wakiwa na mawe bila kibali, nilipakia mawe kwenye viroba vya wachimbaji, Bugarama, halafu nikafunika turubai.

Kwenye kizuizi cha ukaguzi wa madini afisa alikuwa dada mmoja mpole. Alimwamkia mama vizuri, shikamoo na pole ya ugonjwa. Kisha akaenda nyuma akafunua.

"Baba, haya ni nini?"

"Mawe."

"Naona ni mawe. Ya nini?"

"Ya uzito. Springi ni ngumu, nina mgonjwa."

Akacheka, si kwa ubaya. "Hapa kila mwenye mawe ana sababu. Wa jana alisema yake ni ya mafiga."

Akachukua jiwe moja, akaligeuza. Lilikuwa na mstari mweupe katikati. Akaniuliza kama nina kibali cha kusafirisha mbale, yaani mawe ya dhahabu. Sikuwa nacho. Akaniuliza kama nina hakika hiyo si mbale. Sikuwa na hakika pia. Hakuna mtu Bugarama anayeweza kuapa juu ya jiwe.

Mama akatoa kichwa dirishani. "Mwanangu, huyu angekuwa na dhahabu mimi ningekaa kwenye gari la kurusha watu hivi?"

"Mama, mimi nakuamini. Kanuni ndiyo haijakuona."

Tukapewa njia mbili. Gari libaki, mawe yapimwe Jumatatu. Au mawe yabaki, sisi tuende. Nikauliza kama naweza kujaza mchanga badala yake. Yule dada akanitazama kama mtu anayepima akili ya mwenzake. Mchanga nao, akasema, unaweza kuwa marudio, ule uliokwisha kusagwa na kuoshwa, na unahitaji kibali vilevile.

Nikashusha viroba vyote mwenyewe.

Nikaondoa gari taratibu. Hatujafika mbali, mama alikuwa ameshika kishikio cha mlango kwa mikono yote miwili, midomo ameibana.

"Simamisha," akasema. Nikakanyaga breki.

Nilimwuliza kama nyonga imeuma. Akasema bado, ila inaelekea kuuma. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, na ndipo nilipoona kwamba hofu yangu ya mwezi uliopita, kuonekana mtu wa kamera mbele ya watu wa mapipa, ilikuwa kitu kidogo sana.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa amekaa kando ya barabara juu ya magunia ya mpunga, Mama Kulwa, anasubiri usafiri wa kwenda mashineni Kahama. Risiti za ushuru alikuwa nazo zote. Nikarudi nyuma mpaka alipo, nikamwambia nampeleka bure.

"Bure kwa nini?" Alinitilia shaka kuliko afisa.

"Nahitaji magunia yako."

"Kumbe! Basi beba wewe."

Nikabeba. Vijana wa pale wakanisaidia huku wakinicheka. Gari likatulia, na mpaka Kahama wale mama wawili waliongea Kisukuma bila kupumua, mambo ya nyonga, wakwe na bei ya mpunga.

Baada ya mpunga kushuka, mbele yetu kulikuwa na lami mpaka Didia, kisha ile njia ya makorongo ya kuingia nyumbani. Sikutaka kubahatisha. Nikaenda moja kwa moja kwa Luhende.

"Toa vyuma ulivyoongeza."

"Si ulisema mizigo?"

"Nilisema. Inabeba mama na kamera."

Wale wenye pikapu walikuwepo, au wenzao. Mmoja akauliza, "Na hiyo ngao, mzee, ni ya kugonga kuku?" Wakacheka mpaka mafundi wakaacha spana. Mama, aliyelazwa kwenye godoro kivulini, alicheka kuliko wote, na nikaona anacheka bila kushika nyonga.

Luhende alitoa vyuma, akaijaribu mwenyewe barabarani, akarudi. Nyuma imeshuka. Ukiitazama kutoka pembeni, ni pikapu ya kawaida iliyovaa viatu vikubwa. Ngao na keria nitaviuza. Shokapu zinabaki, zile zina kazi.

Kwenye lami mama alinilaumu kwamba naendesha kama nabeba mayai. Tulipoacha lami nikapunguza zaidi, nikawa nasikiliza pumzi yake kuliko injini. Makorongo ya mwaka huu ni mabaya. Tulishuka la kwanza, tukapanda, tukashuka la pili. Sikusikia neno.

Nilipozima gari uani, akafumbua macho na kuniuliza tumeharibikiwa na nini.

Nikamwambia tumefika.