Visanduku Sita vya Staa

Dada mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba wewe na watoto hamjambo, na kwamba mgongo wa shemeji umeanza kunyooka. Huku sisi tu wazima. Homa imemwachia Mama kabisa. Anakula vizuri, na gazeti analisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, anasahihisha. Mwalimu hastaafu.

Nakuandikia juu ya mdogo wetu, Staa. Najua ile video uliiona. Siku homa ilipompanda, Mama alipanga viti vya sebuleni mistari miwili, akaanza kuita mahudhurio ya wanafunzi wake wa miaka thelathini iliyopita, na kiti kisichoitikia akakigombeza. Mimi nilikuwa nimekimbilia dawa. Staa, badala ya kumshika Mama mkono, alishika simu akarekodi, kisha akaiweka mtandaoni. Hajawahi kupata watazamaji wengi namna ile.

Mama alipopona, muuza maziwa ndiye aliyemwonyesha, akidhani anamfurahisha. Tangu hapo Mama hakuvuka kizingiti. Watoto wa jirani waliokuwa wakija kufundishwa kusoma, aliwaambia wasije tena. Nilimwomba Staa aifute, nikamwomba tena, mwisho nikamlilia. Akasema watu wanampenda Mama, niache wivu. Na kila asubuhi, chai ikiwa mezani, alitusomea maoni ya watazamaji kwa sauti, yale mazuri tu, huku Mama akiinuka taratibu na kikombe chake kwenda chumbani. Nikasema moyoni, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Siku ikaja yenyewe. Staa alilalamika kwamba kazi haziendi: akifungua tovuti ya video kutafuta somo la dakika tano, yale mapendekezo ya pembeni yanamvuta, mara mpira, mara paka, anashtuka siku imekwisha. Akaniuliza mimi huwa nafanyaje ofisini. Nikamweleza juu ya kijiprogramu ninachopachika kwenye kivinjari, kinachoficha vishawishi vyote ukabaki na video uliyoifuata tu. Akanisihi nimwekee. Simu yake ilikuwa kwa fundi, kioo kimepasuka, kwa hiyo tegemeo lake lilikuwa kompyuta, na kompyuta alinikabidhi kwa mikono miwili.

Kijiprogramu kile kina visanduku sita vya kutia alama. Yeye alihitaji viwili: mapendekezo yafichwe, na video zisijicheze zenyewe. Mimi nilitia alama vyote. Maoni yakafichwa, idadi ya watazamaji ikafichwa, vidole vya kupenda, hata kengele ya taarifa. Dunia nzima ikamnyamazia Staa kama vile viti vilivyomnyamazia Mama.

Dada, sijawahi kunywa chai tamu kama ya siku zile. Alipakia ukurasa upya hata kitufe kikalegea. Akazima intaneti na kuiwasha, akawalaumu mahasidi. Kuwauliza rafiki zake aliona aibu, akaniuliza mimi, nami nikamjibu kwa upole kwamba watu huchoka. Siku ya tisa aliifuta video ya Mama kwa mkono wake, akisema haina mvuto tena. Alama sijamwondolea hata moja, na sina mpango huo. Mama jana alitoka mpaka dukani.

Lakini kabla ya kuyaficha maoni niliyasoma yote, hata yale ambayo Staa hakutusomea. Moja lilisema bibi huyu afungwe kamba kabla hajavichapa viti viboko, na mwishoni vikatuni vinne vya kucheka. Mwandishi alijiita Malkia wa Chaki. Ni jina ulilopewa na Baba ulipokuwa ukiiba chaki za Mama, na nje ya nyumba yetu hakuna alijuaye.

Nilitaka kumficha Mama. Kumbe alishaliona kabla yangu, kwenye simu ya muuza maziwa. Alinikataza kukuambia, eti una nyumba yako na mambo yako, usije ukaumia. Nimemtii Mama maisha yangu yote. Hili limenishinda, maana mimi nataka uumie.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mama hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake hazimo.

Ni mimi,
mdogo wako wa tumbo moja.