Kwa Nini Danieli Hakuletwa Nyumbani

Nyalenda, Kisumu
Jumapili, 10 Novemba 1968
Asubuhi ya mawingu. Manyunyu yalitoka upande wa ziwani kabla ya kengele ya kanisa, kisha jua kidogo.

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe, na Mama ambaye najua ameketi karibu nawe. Mgongo wako unaendeleaje na baridi ya huko milimani? Mama anakula? Analala? Mimi mwilini ni mzima. Zaidi ya hapo sitakudanganya.

Tafadhali isome barua hii peke yako kwanza, nje, kisha umsomee Mama. Ataiona bahasha mkononi mwako na atauliza. Mwambie sehemu yake iko mwishoni.

Nimeianza mara nyingi nikaichana. Ulipata telegramu yangu: "Tumemzika hapa. Barua yaja." Watu husema telegramu huwa fupi kwa sababu kila neno hulipiwa, lakini hata maneno yangekuwa ya bure nisingejua la kuongeza. Yako ilikuwa imefika siku moja kabla: "Mleteni. Kaburi tayari." Niliisoma nimesimama palepale kwenye kaunta ya posta. Kwa hiyo sikukosea kwa kutojua, Baba. Nilijua unataka nini, nikafanya kingine. Mwanao wa kiume wa pekee amelala Kisumu, na shimo ulilomchimbia liko wazi. Nakuandikia kukueleza kwa nini.

Kaka Danieli aliuawa na maji. Daktari aliita homa ya matumbo, ni kitu kilekile. Hapa Nyalenda, ukisimama mlangoni kwangu unaliona ziwa lote pale chini linameta, na hatuna maji ya kunywa. Bomba la manispaa liko mbali, na wachuuzi wa maji huuza debe kwa bei wanayotaka. Asiyekuwa na kitu huchota kwenye kisima kilicho nyuma ya nyumba, karibu na vyoo. Kila mtu anajua kisima kile ni kibaya. Mwaka huu kilikwisha kuwachukua watoto wawili wa safu yetu ya nyumba, mmoja wao mjukuu wa Mama Atieno, jirani yangu anayeuza samaki wa ufuo wa Dunga. Danieli ndiye aliyetengeneza vijeneza vyao, na hakutaka malipo.

Baada ya hapo alikwenda manispaa. Wakamwambia bomba linaweza kuvutwa hadi kwetu ikiwa wakazi watanunua mabomba wenyewe. Tangu siku hiyo hakuzungumza jambo jingine. Alikuwa akipigilia paa la kanisa letu dogo mchana, na jioni anazunguka nyumba kwa nyumba kuomba watu watoe. Wanawake waliokuwa wakisomba mawe ya kanisa walimpa maji kwenye kata, akanywa. Nilimgombeza. Nilimwambia, "Kaka, wewe una fedha ya kununua maji ya debe." Akasema, "Sasa ninywe ya debe mbele yao, wao wakinywa hayo?" Sijui kama huo ulikuwa upendo au upumbavu. Hata leo nikiwa na hasira naye huwa nasema upumbavu.

Kisha homa ikamlaza. Siku ya tatu hospitalini alikuwa na akili zake timamu. Nilikuwa nikimpangusa uso.

"Wakesho," akaniita, "watakuja na kikapu."

"Kikapu gani?"

"Cha mchango wa kunisafirisha. Mzee Mwambi wa chama cha watu wa kwetu atakuwa amekwisha kuulizia lori. Namjua yule." Akacheka, na kicheko kikamwumiza tumbo. "Sisi watoto wa relwe tumepanda treni bure tangu utotoni kwa sababu ya Baba. Sasa hii safari moja ya mwisho ndiyo yenye nauli kubwa kuliko zote, na abiria mwenyewe hatazami hata dirishani!"

"Nyamaza. Utapona."

"Nikipona, vizuri. Nisipopona, nizikeni hapa. Kikapu kinunue mabomba. Mimi nitakuwa nimefika ninakokwenda kabla dereva hajawasha lori."

"Na Baba?" nikamwuliza.

Aligeukia ukuta, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Baba ndiye atakayetoa kuliko sisi sote. Mwambie nililijua hilo."

Nimekuambia, Baba. Hayo ndiyo maneno yake, niliyaandika usiku uleule nisije nikayapamba baadaye.

Alifariki alfajiri ya Ijumaa. Sitaandika juu ya hiyo alfajiri.

Jioni watu walianza kuja kwenye matanga, na hapo niliona jambo ambalo nataka ulione kama nilivyoliona. Kwangu kuna viti viwili tu, unajua. Basi kila mwanamke alikuja na kigoda chake kichwani au kwapani. Walikuja kutoka safu ya juu na ya chini, wengine nisiowajua kwa majina, wakaviweka chini uani wakaketi. Vyote vilikuwa na miguu mitatu iliyochongwa kwa namna moja, na ule mkato mdogo ukingoni ambao Danieli aliuiga kwako. Ua mzima umeketi juu ya kazi ya mikono yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na uwezo wa kulipia. Mwaka jana ulimwandikia ukimwuliza mshahara wake unakwenda wapi, mbona hajajenga nyumba kwenu kama vijana wa rika lake. Barua ile ilimwuma na hakujua la kukujibu. Mimi nakujibu kwa niaba yake: ulikuwa umekaliwa na akina mama wa Nyalenda.

Siku iliyofuata watu wa kwetu walioko Kisumu walikusanyika, pamoja na ndugu wa kanisa. Mzee Mwambi, mwenyekiti wa chama chetu, aliweka kikapu mezani. Kilikuwa kimejaa mchango wa kila mtu. Wapagazi wa bandarini walikuwa wametoa, wauza samaki walikuwa wametoa, hata Mhindi wa duka la nyavu ninakofanya kazi alikuwa ametuma bahasha. Mzee Mwambi akaisoma telegramu yako kwa sauti, akasema lori litaondoka Jumapili.

Nikasimama. Nikawaambia alichosema Danieli.

Mzee Mwambi akavua miwani. "Binti yangu, mgonjwa mwenye homa husema mengi."

"Hakuwa na homa siku ile, Mzee."

"Basi umesoma hadi umesahau kuzika watu? Baba yako amechimba kaburi! Kaburi likichimbwa likakaa bure, unajua linaita nini? Utamwambia azike mgomba badala ya mwanawe, lisiite mwingine? Mtoto wa kiume mmoja, na wewe unataka kumtupa huku kama mtu asiye na kwao, ili watu wapate bomba?"

Nilidhani majirani watanitetea, kwa kuwa maji ni yao. Mama Atieno akainuka na shuka yake mabegani. Nikashukuru moyoni. Kumbe!

"Mzee anasema kweli," akasema. "Wewe Wakesho, nyathina, mwanangu, sikia mimi. Peleka huyu kijana kwa mama yake. Sisi Wajaluo tukisikia mtu amezikwa ugenini, tumbo inauma. Maji tumezoea."

"Mama Atieno, mjukuu wako..."

"Mjukuu wangu amelala nyuma ya nyumba ya baba yake, mahali naona kila asubuhi. Mama ya Fundi Danieli ataona nini? Bomba?"

Baba, hapo niliketi chini. Nililia mbele ya watu wote kama mtoto. Mama Atieno alikuwa akinipa ruhusa ya kukutii, na yeye ndiye angeendelea kuchota kisimani. Kama angeng'ang'ania fedha zile ingekuwa rahisi kumnyima. Mchungaji akaja akachuchumaa karibu nami, akasema polepole kwamba hatanisukuma upande wowote. Mimi ndiye damu yake pekee hapa, niseme.

Niliifikiria sura yako ukiwa umeegemea jembe kando ya shimo. Niliifikiria sura ya Danieli iliyogeukia ukuta. Nikasema azikwe hapa. Nikaongeza kwamba aliyetoa kwa ajili ya lori na si kwa ajili ya mabomba achukue chake bila aibu, kwa sababu sadaka ya kulazimishwa kaka hakuipenda. Wengine walichukua, na sikuwachukia. Mzee Mwambi alichukua noti yake, akaikunja, akatoka. Siku ya mazishi alikuja hadi lango la makaburi, akasimama nje na kofia mkononi mpaka tulipomaliza. Tangu hapo tukikutana sokoni huangalia pembeni.

Tulimzika kabla ya mvua ya saa tisa. Jeneza walilitengeneza vijana aliokuwa akiwafundisha useremala, kwa mbao zilizobaki za paa la kanisa. Lilikuwa na kasoro pembeni ambayo Danieli angewarudishia waitengeneze.

Kisha, kwa wiki tatu, wakazi walichimba mtaro wenyewe, wanaume na wanawake, kutoka barabara kuu hadi kwenye safu yetu. Nami nilichimba nilipotoka kazini. Kila nilipoingiza jembe nilikuwa nikiona shimo lako. Jana maji yalifunguliwa. Watu walipiga vigelegele, watoto wakalowa wote, na mlevi mmoja wa hapa akaosha uso akasema sasa ameokoka. Hata mimi nilicheka. Wakamtaka Mama Atieno achote wa kwanza. Akachota ndoo, akaipita foleni yote nayo kichwani, akaja akaiweka mlangoni kwangu. "Hii ya kwanza ni ya nyumba ya marehemu," akasema, akaondoka upesi kabla sijaona uso wake.

Ndoo iko kwenye kona ninapoandika, nimeifunika kwa sinia. Sijaweza kuyanywa.

Leo mchungaji alihubiri juu ya hazina isiyoliwa na nondo. Watu walinigeukia kwa upole, na najua walitaka kunifariji. Ninaamini kila neno, Baba, wewe ndiye uliyenifundisha. Naamini kwamba kile Danieli alichokitoa hakitachakaa, na kwamba mabomba yale yana thamani mbinguni kuliko safari ya lori. Lakini kuamini hakujanizuia kulia. Ninaamini na moyo umevunjika, vyote viwili vimekaa ndani yangu pamoja na havigombani, na havisaidiani pia. Nilichokuja kukielewa ni kwamba alichotoa Danieli hakikuwa chake peke yake. Alitoa na chako. Alitoa na cha Mama. Hamkuulizwa, na mimi ndiye niliyewachukulia. Nikiomba huwa simwombi Mungu anisamehe kwa kumzika hapa, maana nadhani nilifanya sawa. Namwomba anipe ujasiri wa kuingia kwenye ua wenu.

Nitakuja Krismasi. Mhindi amenipa ruhusa. Baba, nakuomba jambo moja tu: usilifukie kaburi lile, na usikubali wazee watie mgomba. Wakikuambia ni mwiko, waambie wewe ni mzee wa kanisa, na kwamba kaburi tupu si jambo geni katika imani yetu. Najua leo halikufariji. Hata mimi halinifariji bado. Lakini lisubiri. Nataka tulifukie sisi watatu, wewe, Mama na mimi, kwa mikono. Na kama hutaki kuniona, lifukie mapema, niandikie neno moja, nami nitaelewa nisipande treni.

Hapa ni kwa Mama.

Mama yangu, niliketi na Danieli hadi mwisho, hakuwa peke yake. Tuliosha mwili wake mimi na Mama Atieno, kwa maji ya debe, si ya kisima. Tulimvisha shati jeupe ulilomshonea, na vifungo vyote vilikuwepo. Kimoja kilikuwa kimelegea nikakishona kwanza. Mguu wake ulikuwa bado na ile alama ya panga la utotoni. Niliushika pale. Mama Atieno amepanda maua ya njano kichwani mwa kaburi na hupita kuyatazama akitoka Dunga na samaki wake. Anasema nikuambie kwamba analiangalia kama la kwake hadi utakapofika mwenyewe kuliona. Anasema pia nikuambie pole, na kwamba yeye alikuwa upande wako.

Nisalimieni Shangazi mkubwa aliyemlea Danieli mlipokuwa relwe, na mwambieni hakuusahau uji wake. Nisalimieni Mjomba fundi seremala. Msumeno mdogo wa kaka nitamletea, ni wake sasa. Mwalimu wa Jumapili aliyemfundisha kusoma naye mpeni habari taratibu, ni mzee. Na Nyanya, kama bado anauliza Danieli anakuja lini, mwambieni kwamba Wakesho anakuja.

Mungu awashike mahali ambapo mikono yangu haifiki.

Ni mimi mwanenu,
Eliseba Wakesho

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda posta. Mvua kubwa ilinyesha usiku. Nililala nikisikiliza bati, nikawaza kama na kwenu inanyesha, na shimo linajaa. Niliwasha taa. Nilikuwa na kiu na hapakuwa na maji mengine nyumbani, nikafunua ile ndoo, nikanywa. Ni matamu, Baba. Sikujua maji yanaweza kuwa matamu hivyo. Nilikunywa kikombe kizima nikilia, nikazima taa, nikalala saa tisa na robo.