Disketi ya Guka Wako

Mjukuu wangu Wambui,

Huku Gakindu sote tu wazima, na mvua imeshika. Umeuliza kama kuna haja ya kuandika maelezo ya jinsi watu watakavyoweka programu yako kwenye kompyuta zao.

Marehemu guka wako hakuandika. Miaka ya tisini alitunga programu ya kutabiri ugonjwa wa kahawa kwa vipimo vya mvua, akazunguka viwandani kuiweka kwa mikono yake. Mume wangu huyo alipenda kuitwa aje kusaidia.

Tulipokwisha kumzika, kompyuta ya kiwanda nilikokuwa karani ikaharibika. Ililetwa nyingine. Nikajaribu disketi yake siku tatu, ikakataa. Nikaigeuza, nione kama aliacha maelezo yoyote. Palikuwa na mwandiko wake: “Mkikwama, niiteni.”

Cucu wako