Kiambaza cha Magoti Yako

Bibi yangu kipenzi,

Nimepata kazi Riyadh! Mkono ulikuwa ushaanza kutafuta namba yako, ndipo nikakumbuka kuwa huu ni mwaka wa pili tangu ututangulie. Basi nakuandikia.

Kazi yenyewe nimepewa na kile kiambaza chako cha kukunja. Ulikinunua haraji, katika vitu vikuukuu, ukakisimamisha chumbani kwako, mtaani Al-Baghdadiyah, mbele ya kiyoyozi. Wanaume sita wa Kijapani na mwanamke mmoja, juu ya karatasi ya rangi ya dhahabu.

"Bibi, hii ni sanaa!" nilikufokea, msomi wa miaka kumi na sita. "Hawa ni miungu saba ya heri!"

"Mungu ni mmoja, mke mwenzangu." Ndivyo ulivyoniita tangu babu aliponiposa kwa pipi. "Hawa watu wa harusi. Mwenye samaki kaleta kitoweo. Mwenye tumbo keshakula kabla ya bwana harusi. Na bibie yule ana udi wake wa nyuzi, ataimba."

"Na huyu mwenye kichwa kirefu?"

"Huyo mshenga. Kimerefuka kwa uongo."

"Kitoe basi kwenye kiyoyozi, kitaharibika."

"Yaharibike magoti yangu? Ebo!"

Nilikuonea haya, bibi. Rafiki zangu wakija, nilikuwa naufunga mlango wako.

Jana, katika jumba la sanaa, tulikuwa watatu tunaogombea nafasi moja. Tukasimamishwa mbele ya kiambaza kama chako, ila hiki ni cha kale kwelikweli. Wenzangu wakaeleza: samaki ni riziki, gunia la mwenye tumbo ni neema isiyokwisha. Kisha mama aliyekuwa akitusaili akauliza, "Lakini ndani ya nyumba kilikuwa na kazi gani?"

Jina la Kijapani la kiambaza nimelisoma chuoni mara ngapi, na maana yake ni kizuia upepo, wala sikuwahi kukufikiria wewe. Pale pale nikayaona magoti yako chini ya kanga.

"Kuzuia upepo," nikasema. "Bibi yangu alikiweka mbele ya kiyoyozi."

Alicheka hadi miwani ikamshuka. "Bibi yako alisomea wapi?"

Leo asubuhi amenipigia.

Baba nimeshamwambia asikiguse kile chako. Na jana, wenzangu walipotoka, nilizunguka nyuma ya kile cha Riyadh. Jumba zima lilikuwa na baridi ya kutetemesha. Pale nyuma, bibi, upepo haukufika.

Mke mwenzako,
wa Riyadh sasa