Hawa Hawajaguswa

Mama yangu,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini nakujua wewe: ningeanza maneno bila shikamoo ungenirudisha mlangoni niingie upya. Hapa Singida upepo ni ule ule uliouacha. Tangu asubuhi unahangaika na vitenge vyangu, mpaka nimevikandamiza kwa mawe kama mtu anayeanika alizeti.

Nina jambo nimelifanya na wa kumweleza ni wewe peke yako. Nimenunua hela za zamani, zile za sungura na mbuni, zikiwa zimefungwa kwenye plastiki yake tangu zilipotengenezwa. Kabla ya kuzinunua nilisumbuka sana, na baada ya kuzinunua nimesumbuka zaidi.

Unakumbuka siku ulizokuwa unatoka benki na chenji mpya? Zilikuja zimeviringishwa kwenye karatasi ngumu. Ulizigonga kwenye ukingo wa kaunta kama unapasua yai, zikamwagika juu ya kanga, duka zima likanuka chuma. Mimi nilitaka kuzimimina kwenye droo hapo hapo, nawe ukanishika mkono. "Bado," ulisema. "Hawa hawajaguswa."

Ulisema "hawa", kama watu. Mwanzoni nilidhani ni kwa sababu ya wanyama wake: senti tano ilikuwa na samaki, senti ishirini mbuni, na ile ya hamsini, sumni yetu, ilikuwa na sungura. Hata wateja uliwarudishia chenji kama unagawa mifugo: "Shika, mbuni wawili na samaki mmoja." Lakini shilingi haikuwa na mnyama. Ilikuwa na mkono ulioshika mwenge, na hiyo pia uliiita huyu.

Basi tulikaa kwenye mkeka, wewe na mimi, tukachukua moja moja na kuisugua kwa dole gumba mpaka ipate joto. Ndipo ikaruhusiwa kuingia kwenye droo. "Hela isiyoguswa inatafuta mkono," uliniambia. Nikauliza, "Mkono wa nani?" Ukatazama mlangoni kwanza, mchana kweupe, wala hapakuwa na mtu. "Wa yeyote aliye karibu. Hawa hawachagui." Kuanzia siku hiyo hakuna aliyenihimiza tena. Nilisugua mpaka kidole kikawaka moto.

Kidole chako nilikijua kuliko uso wako, nadhani. Kile kidole gumba cha kulia, ulichokikata na kopo la mafuta ya kupikia. Kovu lilipita mshazari, likaigawa mistari yako kama njia inayokatiza shamba la watu. Kila ripoti yangu ya shule ilikuwa na alama yake chini. Mwalimu mkuu alikuambia siku moja, kwa upole tu, "Mama, ungejifunza kuandika hata jina." Ukampangusia wino kwenye kitambaa chake na kumjibu, "Jina langu tunalo wengi, mwalimu. Kidole hiki ninacho peke yangu." Nilitamani ardhi ipasuke. Leo ningempigia makofi huyo mama.

Na siku ya vitambulisho, wazee wenzako wengi mashine iliwakataa, vidole vyao vimeliwa na jembe. Chako ilikisoma mara moja. Ulicheka njia nzima: "Mashine imenijua!" Namba ile ya kitambulisho niliikariri mimi, kwa sababu laini za simu ulizipoteza kama sindano, na kila mara ni mimi niliyekupeleka kwa wakala kusajili upya.

Kisha tukakuzika Mgori. Arobaini ilipokwisha, kanga zako zikagawiwa kama desturi inavyotaka, kila mtu akaondoka na yake. Ripoti zangu zilishaliwa na mchwa. Kaunta yako ya mbao nikaibadilisha kwa sababu ilioza miguu. Siku moja nikazunguka duka zima nikitafuta kitu chochote ambacho mkono wako ulikigusa, nikakosa. Nilikaa chini nikalia kama mtoto. Mteja aliingia, akanitazama, akatoka bila kuuliza bei.

Ndipo mjukuu wako Salma akanitumia picha kwenye simu. Unamjua Salma, biashara iko kwenye damu. "Mama, cheki hii. Seti ya mwaka uliozaliwa wewe, seal yake bado kabisa. Dar wanazigombania." Sarafu nne, mama, zimelala kwenye plastiki: samaki, mbuni, sungura na ule mkono wenye mwenge. Nikasema nikaione tu. Kuona hakuna gharama.

Mwenye nazo ni Mzee Kitundu, fundi redio wa Manyoni, nyumba yake iko karibu na reli. Aliachiwa seti hiyo na mwenye duka mmoja aliyehama mji zamani. Alinitolea ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, akaiweka mezani, akavuta kiti chake nyuma kidogo. Nilidhani ni heshima.

"Tangu watoke kiwandani," alisema, "hawa hawajaguswa na mkono wa mtu."

Nikamwuliza kwa nini anaziita hawa. Akafikiri. "Sijui, mwanangu. Nimejikuta nawaita hivyo."

Nikaisogeza seti dirishani. Mbuni alikuwa safi, samaki safi, mwenge unang'aa. Juu ya sungura palikuwa na alama ya dole gumba, rangi ya chai ya rangi. Na katikati ya alama, mshazari, palipita kovu.

Sikununua siku ile. Nilimuaga mzee nusu nusu, sikumbuki hata kama nilimpa mkono. Nilimpigia Salma, akanicheka. "Ni mafuta ya kidole, mama. Mtu wa kiwandani alishika kabla hawajafunga, chuma kikabadilika rangi polepole. Nimesoma, ni kitu cha kawaida."

"Na kovu?"

"Kwani Wazungu waliozitengeneza hawajikati?" Nikacheka na mimi. Kisha akasema, "Ila ukinunua usije ukafungua. Ukifungua tu, imekufa hiyo. Haina thamani tena."

Wakati ule hata kupima vitambaa nilikosea. Nikiiacha kwa mzee, naacha mkono wako kwa watu. Nikiinunua nisiifungue, utakaa mle ndani nami nje, tunatazamana kama wagonjwa na wageni wao. Nikiifungua, itabidi nifanye ulivyonifundisha, niisugue, na alama pekee iliyobaki ya mkono wako nitaifuta kwa kidole changu mwenyewe. Nilitamani unijie hata ndotoni, unigombeze, uniambie la kufanya. Hukuja.

Nikarudi Manyoni. Nilimkuta Mzee Kitundu amekaa ndani, na seti ameiweka nje barazani, juani, juu ya kigoda, kama mtu aliyefukuzwa.

"Shikamoo mzee. Mbona iko nje?"

"Marahaba. Wanasubiri." Akaniangalia. "Siku ile sikukwambia jambo moja. Nilipoachiwa, alama hiyo haikuwepo. Imekuwa ikija. Kila mwaka inasogea kidogo, kama mtu anayekuja dirishani. Na tangu uliposimama hapa imekuja haraka."

Nilimtajia bei, chini sana, ili tuanze kuvutana. Akasema, "Haya, chukua." Mama, mimi ni mfanyabiashara, binti wa mfanyabiashara, na muuzaji asiyebishana bei hunitisha kuliko mwizi. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kigoda. Mistari yote ilionekana sasa. Ningeweza kuihesabu. Nikalipa.

Dukani niliiweka kwenye rafu ya juu, karibu na vitenge vya bei. Kiangazi hiki midomo inapasuka, hata ndoo ya maji inakauka ukiigeuzia mgongo. Siku ya pili nikaona ndani ya plastiki kuna mvuke. Haukuenea kote. Ulikuwa pale juu ya sungura tu, mduara mdogo. Ukafifia. Ukarudi. Ukafifia tena. Nilisimama nikitazama huku wateja wanaita, na nilipojishtukia nilikuwa navuta pumzi na kuitoa sawasawa nao.

Niliogopa, mama. Nasema wazi. Lakini niliona huruma zaidi ya kuogopa. Kama ni wewe uliyekuwa mle, ulikuwa umefungiwa. Na kama si wewe, kama ni wao tu wanatafuta mkono, basi ni wewe uliyenifundisha dawa yake.

Ijumaa, watu walipokwenda msikitini na barabara ikatulia, nilitandika kanga juu ya kaunta. Nikachukua mkasi wangu wa vitenge, nikakata. Plastiki ilitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekuwa amebana pumzi. Ikatoka harufu ya duka letu siku ya chenji mpya. Nikaanza na samaki, wa baridi, nikamsugua. Mbuni, wa baridi. Ule mkono wenye mwenge, wa baridi. Sungura nilimwacha wa mwisho, na nilipomshika alikuwa tayari ana joto. Joto la hela iliyotoka kwenye kiganja cha mtu sasa hivi.

Nikaweka dole gumba langu juu ya lako. Yalilingana. Nikasugua huku nalia, nikasugua kama ulivyotaka, mpaka nilipoinua kidole sungura alikuwa anang'aa, masikio juu, hana hata doa. Nikawaweka wote kwenye droo pamoja na hela za kawaida. Upepo ulikuwa umetulia. Nikajua nimekupoteza mara ya pili, na safari hii kwa hiari yangu. Salma aliponisikia kwenye simu hakutaja hata thamani. Alisema tu, "Pole, mama."

Barua ingeishia hapo. Lakini jana nilikwenda kwa wakala, laini yangu inataka kusajiliwa upya. Yupo binti mmoja pale sokoni, mpole sana. Nikamtajia namba ya kitambulisho changu, nikaweka dole gumba kwenye kile kidude chake. Kikalia. "Weka tena, mama." Kikalia. Akakipangusa kidole changu kwa kitambaa, akajaribu tena, akatazama simu yake kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake.

"Samahani mama, kidole hiki si cha mwenye namba hii."

Nikakitazama. Kovu halikuwepo, nilitazama vizuri, nikakigeuza juani. Ni kidole changu. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwambia, "Hebu jaribu namba hii nyingine." Nikamtajia yako, ile niliyoikariri, ambayo hakuna aliyewahi kwenda kuifuta.

Kidude hakikulia. Binti akatabasamu. "Haa, hapo sawa! Imekubali." Akasoma jina lako lote, mpaka la babu, kwa sauti, katikati ya soko, kama mtu anayeita.

Mama, nikaitika.

Kisha nikamwambia aache, nitarudi siku nyingine, nikaondoka upesi. Sijamwambia Salma. Leo nimekata vitenge kama kawaida, na nimeona nakata kwa mkono mtulivu kuliko wangu, bila kuchora kwanza, kama ulivyokuwa unakata wewe. Sikuogopa. Ila kama umekuja kukaa, tugawane kwa haki: mchana nisaidie kazi, na siku za wakala uniachie kidole changu, maana sina simu na wateja watahama.

Nisalimie baba na wote waliotangulia. Hapa chini siandiki jina, tunalo wengi. Nimefungua wino nikaweka dole gumba, na nimelitazama mpaka likakauka. Wewe utajua ni la nani kati yetu.

Ni mimi mwanao wa dukani,