Nakupenda tele

Mwenzangu, nimejifungia chooni hapa shuleni. Nimelia mbele ya darasa zima. Wanafunzi wenyewe ni watu wazima, na mimi ndiye mwalimu wao wa Kiingereza.

Leo nilikuwa nafundisha maneno ya Kiingereza yanayoanza na "tele". Nikawaambia asili yake ni Kigiriki, maana yake mbali. Telefoni ni sauti ya mbali. Televisheni ni kuona vya mbali.

Yule fundi cherehani mwenye maneno mengi akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwetu tele ni wingi. Sasa mtu akiniambia ananipenda tele, nishike maana ipi?"

Darasa likaangua kicheko. Nishike maana ipi. Mimi machozi yakanitoka, chaki mkononi.

Unajua shemeji yako anavyomalizia kila ujumbe tangu aende kazini ng'ambo. "Nakupenda tele." Miaka minne, hajaruka hata siku moja.

Asubuhi ameniandikia, nimeusoma nikiwa mlangoni mwa darasa. Ameoa huko. Wana mtoto wa miaka miwili. Eti nimwelewe. Na chini kabisa, kama kawaida yake, nakupenda tele.

Miaka miwili. Mtoto anakimbia huyo, mwenzangu, na mimi hapa nahesabu siku za likizo yake.

Fundi amekuja sasa hivi kugonga mlango wa choo. Anaomba radhi, anadhani ameniudhi. Nimemwambia hajakosea kitu, ila swali lake sikulijibu kule darasani.

Nikamjibu hapo hapo mlangoni. Ashike ile ya Kigiriki.